Kabla Hujamwita Mtu Bendera

Kiswahili hakina uhaba wa maneno ya kumchapa mtu anayefuata wengine. Bendera fuata upepo. Kasuku. Kondoo. Kigeugeu. Mtu wa ndiyo mzee. Mtu aliyeshikiwa akili. Maneno haya hutoka upesi, hasa baada ya hasara: jirani ameng'oa mahindi akapanda kitu kilichomshinda, dada ametuma akiba yote kwa M-Pesa kwa watu asiowajua, kijana amefukuzwa shule kwa kuingia mgomo ambao hata sababu yake hakuijua. Tunampa jina, kisha tunaendelea na safari zetu.

Naona jina hilo linazuia msaada. Watu tunaowatupa katika kapu moja hawana shida moja. Anayefuata wengi, anayemfuata mmoja, na anayekubali kwa sababu anaogopa kukosa adabu, hao ni watu watatu tofauti, na ushauri unaomfaa mmoja unaweza kumdhuru mwingine.

Nianze na wa mkumbo, kwa sababu wengi wetu ni wa aina hiyo, na kwa sababu mji wa Kiritiri na vijiji vinavyouzunguka ni mahali pazuri pa kumwelewa. Huku ni Mbeere Kusini, upande wa chini wa Kaunti ya Embu, ambako ardhi inateremka kuelekea Mto Tana na mabwawa yake. Wenzetu wa juu, kuelekea Mlima Kenya, wana majani chai na kahawa. Huku chini mvua haina ahadi. Mtu huishi kwa ndengu, kunde, mtama, maembe, mbuzi, na kwa miaka mingi sasa, muguka. Muguka ni jamii ya miraa, ila hutafunwa majani badala ya vijiti kama ile ya Igembe kule Meru. Unastahimili ukame, unachumwa tena na tena, na unaleta pesa mkononi wakati mahindi yamekauka yakiwa magotini.

Aliyemwona jirani yake akilipa karo bila kuuza mbuzi, naye akapanda muguka, hakuwa bendera. Aliona, akapima, akafuata. Tena kufuata kuna faida ambayo wanaohubiri kujitegemea huisahau: penye wakulima wengi wa zao moja ndipo gari la mnunuzi hufika, ndipo miche hupatikana, ndipo kuna wa kumuuliza majani yakianza kujikunja. Mkulima wa peke yake wa zao geni hubeba mzigo wake mwenyewe akitafuta mnunuzi. Kwa hiyo sitamwambia mtu yeyote asifuate. Nitamwambia namna ya kufuata.

La kwanza, usifuate kwa shamba zima. Mei 2024 Kaunti ya Mombasa ilipiga marufuku kuingizwa na kuuzwa kwa muguka, na Kilifi na Taita Taveta zikafanya vivyo hivyo ndani ya siku chache. Sababu waliyotoa ilikuwa afya ya vijana wao, na mzazi wa Mombasa anayemwona mwanawe akikesha akitafuna ana haki ya kulalamika. Rais William Ruto alisema marufuku hayo hayana nguvu kisheria, na Mahakama Kuu ya Embu ikasimamisha yale ya Mombasa na Kilifi. Lakini katika siku zile za katikati, mwenye muguka shamba zima na mwenye muguka nusu shamba hawakulala usingizi mmoja. Wenzetu wa Meru walikuwa wameshayaonja haya: Uholanzi ilifunga soko la miraa mwaka 2013, Uingereza ikafunga Juni 2014, na Somalia ikazuia kuanzia Machi 2020 hadi 2022. Hata mtama haukusalimika. Wakulima wa maeneo makavu walihimizwa kupanda mtama wa gadam kwa ajili ya kiwanda cha bia. Mwaka 2013 serikali ilipoongeza ushuru kwenye Senator Keg, bia ya mtama huo, mauzo ya bia hiyo yakaanguka na mahitaji ya mtama yakaanguka pamoja nayo. Hakuna mkulima aliyekosea kupalilia. Uamuzi ulitoka mbali, na uliwapata wote siku moja kwa sababu wote walikuwa wamesimama mahali pamoja.

Mwenye ekari mbili anaweza kuanza na robo ekari. Akiipoteza, watoto bado watakula. Na sehemu inayobaki iwe na chakula, ndengu na kunde, visivyohitaji ruhusa ya gavana yeyote kuingia kwenye sufuria.

La pili, uliza bei ya wiki mbaya. Mtu aliyefanikiwa hukueleza bei ya kiangazi, majani yakiwa adimu na wanunuzi wakigombana. Hakuelezi ile ya mvua, kila shamba likiwa limechipua na broka akichagua kama anayechagua nguo za mitumba. Hakudanganyi, ni kwamba siku nzuri ndizo binadamu hupenda kusimulia. Muulize waziwazi, "Mwaka jana ulipouza bei ya chini kabisa, uliuza pesa ngapi?" Kisha piga hesabu yako kwa hiyo bei. Ikiwa bado inalipa, panda.

La tatu ndilo nalitaka likae zaidi, kwa sababu limewafilisi watu wengi Kenya nzima. Uliza mnunuzi wa mwisho ni nani. Kumbuka kware. Kuanzia 2013 hadi mwanzoni mwa 2014 nchi hii ilishikwa na homa ya kufuga kware. Mayai yake yalisemekana kutibu shinikizo la damu, kisukari, na karibu kila ugonjwa wenye jina. Yai dogo kuliko la kuku liliuzwa kwa bei ya mayai kadhaa ya kuku. Watu walichukua mikopo, wakajenga vizimba, wakanunua mashine za kuangulia, wakapanga foleni kutafuta leseni ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, maana kware ni ndege wa porini na sheria ilitaka kibali. Miezi michache baadaye bei iliporomoka hadi shilingi chache, na mayai yakawa hayana pa kwenda.

Nini kilitokea? Waliokuwa wakila mayai ya kware kila asubuhi walikuwa wachache tangu mwanzo. Wanunuzi wakubwa walikuwa wafugaji wapya, waliotaka mayai ya kuangua na vifaranga vya kuanzia. Ufugaji ulikuwa ukijiuzia wenyewe. Siku wafugaji wapya walipokwisha, soko lilikwisha. Muguka, uupende usiupende, una mtu anayeutafuna mwishoni. Ndengu zina mtu anayezila. Ukiletewa mradi wa sungura, wa konokono, wa mche wa ajabu kutoka ng'ambo, fuata bidhaa hiyo kwa mawazo hadi umfikie mtu anayeitumia na kuimaliza. Ukikuta kila anayeinunua anainunua ili amuuzie mwingine anayeanza, rudi nyumbani.

Swali hilohilo lingewaokoa waliotoa pesa zao kwa mradi wa upatu wa DECI na mingine kama huo. Mwaka 2006 na 2007 miradi ya upatu ilienea Kenya kama moto wa nyasi kavu, mingine ikiingia kupitia makanisa, kwa lugha ya kupanda mbegu na kuvuna. Jopo lililoongozwa na Francis Nyenze lilipochunguza baadaye, lilikuta watu karibu 150,000 waliopoteza zaidi ya shilingi bilioni 8. Tanzania nako DECI ilisimamishwa na serikali mwaka 2009, baada ya watu wengi kuweka fedha zao. Mavuno ya aliyetangulia yalikuwa mbegu ya aliyefuata, basi. Na waliotangulia walilipwa kweli, hilo ndilo lililowavuta wengine. Kwa hiyo usiridhike na shahidi aliyelipwa. Muulize pesa zimezalishwa na kazi gani. Chama cha akiba kinachopokea amana kiangalie kama kina leseni ya SASRA, mamlaka inayosimamia vyama vya akiba na mikopo. Mradi wa uwekezaji uangalie kwa Mamlaka ya Masoko ya Mitaji. Ofisi ya ushirika ya kaunti huulizwa bure.

Na la nne: mtafute aliyeacha. Wanaoendelea wako sokoni wakizungumza. Aliyeacha yuko kwake, kimya, na mara nyingi hakuna aliyemuuliza. Nusu saa na mtu aliyeng'oa, aliyefunga, aliyeuza vizimba kwa bei ya mbao, ina thamani kuliko semina nzima. Nenda na sukari, kaa, sikiliza. Kama aliacha kwa ugonjwa au kwa kugombana na ndugu, hiyo ni yake. Kama aliacha kwa sababu hesabu ilikataa, sikiliza vizuri.

Nasema haya nikijua kwamba kujua hakutoshi. Wengi huwa wanajua, na bado wanafuata. Angalia mkutano wa chama. Kina mama na vijana wamekaa chini ya mti, mgeni amemaliza kueleza mradi wake kwa ufasaha, na mwenyekiti anasema, "Wanaokubali wainue mikono." Mkono wa kwanza unapanda, mara nyingi wa mtu anayeheshimika. Kisha macho yanaanza kutembea. Mama mmoja anaangalia kulia, anaangalia kushoto, mkono wake uko magotini, vidole vinashikilia leso. Mkono wa jirani yake unapanda. Wake unapanda nusu, hadi usawa wa bega. Katibu anahesabu: wote. Ukimuuliza njiani kurudi, atakwambia hakuupenda mradi ule. Na ukiwauliza wengine sita, huenda nao hawakuupenda.

Mwaka 1951 mwanasaikolojia Solomon Asch alifanya jaribio kama hilo huko Marekani. Aliwaonyesha wanafunzi mistari na kuwauliza upi unalingana na mwingine, jambo ambalo mtoto angeliona. Ila katika kila kundi, wote isipokuwa mmoja walikuwa wamepangwa kutoa jibu la uongo. Yule mmoja, akiwasikia wenzake wote wakikosea kwa sauti moja, mara nyingi alikosea nao: karibu theluthi ya majibu ilifuata kundi, na watatu kati ya kila wanne walifuata angalau mara moja. Lakini Asch alipomweka mtu mmoja tu wa kusema ukweli, kufuata kulipungua sana. Na walipoandika majibu yao kwenye karatasi badala ya kuyatamka, kulipungua vilevile.

Hapo kuna dawa mbili ambazo chama chochote cha Kiritiri kinaweza kuzitumia wiki ijayo. Uamuzi wa pesa usipigiwe kura ya mikono. Kila mtu apewe kikaratasi aandike ndiyo au hapana, na asiyejua kuandika achore moja kati ya alama mbili mlizokubaliana. Daftari moja la shule linatosha mwaka mzima. Na kabla ya kura, mwenyekiti amteue mtu mmoja, kwa zamu, ambaye kazi yake siku hiyo ni kupinga. Akipinga hajakosa adabu, ametumwa. Utashangaa ni wangapi watafungua midomo baada yake. Kisha muweke sheria kwamba pesa haitoki siku mgeni amezungumza. Mgeni anayesema nafasi zinaisha leo amejibu swali lenu.

Sasa yule wa ndiyo mzee. Huyu hafuati wengi na wala hajashawishika. Anakubali kwa sababu aliyesema ni baba mkwe, ni mwalimu, ni mchungaji, ni kaka mkubwa aliyemlipia karo. Tumelelewa kwa asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na malezi hayo yametulinda mara nyingi. Sina nia ya kuyabomoa. Kumwambia kijana wa Mbeere amkatalie mzee mbele za watu ni kumpa ushauri ambao hataweza kuutumia, na akiutumia atapoteza zaidi ya pesa. Anachohitaji ni maneno. Kiswahili kinayo: "Mzee, nimekusikia. Naomba nilale nalo, nitakuja kukuona asubuhi." "Baba, nisaidie kuelewa hapa kidogo." "Nimekubali kukusikiliza, bado sijakubali kutoa." Mke anaweza kusema hatoi bila kuzungumza na mumewe, na mume aseme hatoi bila kuzungumza na mkewe, na wasione haya kutumiana kama kinga. Mjizoeze maneno haya nyumbani na watoto wenu. Mtoto ambaye hajawahi kusikia "hapana" ya heshima nyumbani ataitoa wapi akiwa bwenini saa nne usiku, wenzake wakimwambia kila mtu anashuka?

Mwaka 2016, katika muhula mmoja, zaidi ya shule 100 za Kenya zilichomwa na wanafunzi. Wengi wa vijana wale hawakuwa wahalifu. Walikuwa chumba kimoja na walioamua. Ukimwita mwanao kondoo baada ya kisa kama hicho, umemwambia kwamba kufuata ndiyo asili yake, na mtu hashindani na asili yake. Mwambie alichofanya: "Ulifuata. Ulijua saa ngapi kwamba ni vibaya?" Karibu kila mara kuna saa fulani ambayo alijua. Mrudishe hapo, mfikirie pamoja angefanya nini: angejifanya mgonjwa, angekwenda msalani akakaa, angemwamsha mwalimu wa zamu. Njia ya mtoto ya kutoka si lazima iwe ya kishujaa. Iwe tu inawezekana.

Aliyeshikiwa akili ni jambo lingine kabisa, na hapa sina maneno mepesi. Shakahola, Kaunti ya Kilifi, mwaka 2023, miili zaidi ya 400 ilifukuliwa ya watu waliofuata mahubiri ya kufunga hadi kufa. Watu wale walikuwa wametoka sehemu mbalimbali za nchi, kwa hiyo kijiji chochote kisijione kiko mbali. Anayemfuata mtu mmoja hivyo haponi kwa kuonyeshwa takwimu, na kumcheka kunamsukuma ndani zaidi, kwa kuwa ameshaambiwa kwamba jamaa zake watamcheka. Angalia dalili mapema: kiongozi anayekataza hospitali, anayetoa watoto shuleni, anayetaka uuze ardhi, anayekuzuia kuzungumza na nduguzo, anayeita swali dhambi. Dalili mbili kati ya hizo zikikutana, usisubiri ya tatu. Usigombane na ndugu yako aliyeshikwa juu ya imani. Endelea kumtembelea, mpigie simu kwa mambo ya kawaida, mwalike mazishi na harusi, mwachie mlango wazi. Na kama kuna mtoto anayenyimwa chakula au dawa, hilo si la ukoo tena. Nenda kwa chifu au polisi siku hiyohiyo.

Kuna mkumbo mmoja usiokupa usiku wa kulala nalo, nao ni ule wa mtu kupiga kelele "mwizi!" sokoni. Agosti 2021 vijana wanne waliuawa na umati karibu na Kitengela wakidhaniwa wezi wa ng'ombe. Dakika chache, na hakuna aliyeuliza majina yao. Uamuzi wako kuhusu umati wa aina hiyo ufanye leo, ukiwa umetulia: sitaokota jiwe, sitatoa simu nipige picha, nitapiga 999, na nikimwona bodaboda ninayemfahamu akikimbilia huko nitamwita kwa jina lake. Jina husaidia. Mtu aliyeitwa kwa jina lake katikati ya umati hugeuka, na akigeuka amekuwa mtu mmoja tena.

Imebaki aliyekwisha kuumia. Huyu ndiye tunayemkosea zaidi. Aliyepoteza pesa kwenye upatu huficha kwa sababu anajua jina linalomngoja, na akiwa ameficha hufanya moja kati ya mawili: huongeza pesa akitumaini kurudisha za kwanza, au huwaingiza ndugu zake ili naye alipwe. Aibu ndiyo inayoendesha mradi baada ya tamaa kuisha. Akikujia, usianze na "nilikwambia." Muulize kama bado anatuma. Kama bado, asimamishe leo, hata kama ameambiwa amebakiza awamu moja tu. Msaidie kuhifadhi jumbe zote za M-Pesa, namba zilizopokea, tarehe, na majina ya kikundi cha WhatsApp kabla hakijafutwa. Mpeleke kituo cha polisi aandikishe na apewe namba ya OB, yaani ya kitabu cha matukio, na kama pesa imetumwa muda mfupi uliopita, apige simu Safaricom mara moja aombe irudishwe kabla haijatolewa. Kisha mkae mhesabu madeni yaliyobaki, kuanzia lile la jirani, maana benki itangoja kuliko jirani.

Na akiwa tayari, muombe asimame mbele ya chama na kusimulia. Mumpigie makofi akimaliza.